Nahau ya Kiingereza hutafutwa kwa tendo lake

"Maji yamezidi unga." Kila anayesema Kiswahili hapa Kizuka, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, anaijua kauli hii, na anajua ni wakati gani wa kuitoa. Mpe sasa kazi ya kuiandika kwa Kiingereza, katika barua itakayosomwa na mtu ambaye hajawahi kuona ugali ukisongwa. Atafungua kamusi kwenye "maji", kisha kwenye "unga", ataiuliza simu yake, na mwisho ataandika sentensi isiyo na kosa hata moja la sarufi, lakini msomaji wake ataidhani ni habari ya mapishi.

Shida hiyo imeshatoka darasani zamani na kuingia kazini. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mkataba wa Jumuiya ulikuwa umekifanya Kiingereza kuwa lugha yake rasmi, Kiswahili kikiwa lugha ya mawasiliano inayokuzwa. Mwaka 2014 sheria ya lugha ya Burundi ikakiweka Kiingereza pamoja na Kirundi na Kifaransa katika safu ya lugha rasmi za nchi. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi, lakini barua nyingi za Jumuiya, matangazo ya kazi na fomu za mashirika bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Ziwa nalo lina mambo yake. Mkataba wa kulilinda Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na nchi nne zinazolizunguka: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mvuvi wa Rumonge, upande wetu wa Burundi, anayekaa meza moja na mvuvi wa Mpulungu, upande wa Zambia, mara nyingi hana lugha nyingine ya kukutana naye isipokuwa Kiingereza.

Sarufi ya Kiingereza hufundishika. Msamiati hukaririwa. Kinachomkwamisha mtu mzima mwenye elimu yake ni pale anapojua hasa anachotaka kusema, anakijua kwa Kirundi, anakijua kwa Kiswahili, pengine hata kwa Kifaransa, na Kiingereza kinampa maneno bila uzito wake. Hoja yangu ni moja: tunazitafuta nahau za Kiingereza kupitia picha zake, wakati nahau hujulikana kwa tendo lake. Mtu husema "maji yamezidi unga" ili atimize jambo fulani kwa msikilizaji wake. Ukilijua jambo hilo, umeshapita nusu ya safari. Usipolijua, hakuna kamusi itakayokufikisha.

Kauli moja, njia nne

Tuikague kauli hiyo kwa karibu. Aprili 2024 serikali ya Burundi, pamoja na Umoja wa Mataifa, iliomba msaada wa kimataifa kwa sababu ya mvua na mafuriko. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia katika nyumba za ukingoni, za Rumonge zikiwemo. Mfikirie katibu wa kamati ya mtaa anayeandika kwa shirika la misaada. Familia zimehamia kwa ndugu, vyoo vimefurika, chakula kinakwisha. Rohoni mwake ana sentensi moja: maji yamezidi unga.

Njia ya kwanza ni "we are in over our heads". Inavutia kwa sababu ina maji ndani yake. Lakini Mwingereza huitumia kwa mtu aliyejitosa katika jambo lililomzidi kimo: amechukua mkopo mkubwa, amekubali kazi asiyoiweza. Ndani yake mna lawama kidogo, kwamba alijitakia mwenyewe. Tena kwa watu ambao maji yamewafika kifuani kwelikweli, msomaji hatajua kama anasoma nahau au anasoma kipimo cha kina.

Njia ya pili ni "things have got out of hand". Hapa jambo lililokuwa likishikika limeponyoka mkononi. Yafaa kwa ugomvi, kwa deni, kwa moto wa shambani. Ila msomaji makini atajiuliza: mkono wa nani? Nani alikuwa amelishika akaliachia? Katibu wetu anaomba msaada, na sentensi yake imeanza kumtafuta mkosaji.

Njia ya tatu ni "this is the last straw". Hii ni kauli ya mtu aliyechoka kuvumilia, jambo dogo la mwisho limemfikisha kikomo, na sasa anataka kuvunja uhusiano. Ina hasira. Yafaa kwa mpangaji anayehama nyumba ya mwenye nyumba mkorofi. Haifai kwa mwombaji.

Njia ya nne ni "we can no longer cope". Haina picha yoyote: hakuna sufuria, mwiko wala mto. Lakini hebu pima inachokifanya. Inasema nguvu tulizokuwa nazo tumezitumia zote. Haimlaumu mtu. Inamwachia msomaji nafasi ya kuja. Hayo matatu ndiyo hasa yanayofanywa na "maji yamezidi unga" mdomoni mwa mtu mzima wa Kizuka: anapima, anakiri, anaita. Picha ya ugali imepotea njiani, na hiyo ni hasara ya kweli kwa anayeipenda lugha yake. Hata hivyo barua imefika na kazi yake imefanyika.

Tatizo la njia tatu za kwanza ni kwamba kila moja ni Kiingereza safi na kila moja iko kwenye kamusi. Anayechagua kwa kuangalia picha ataipenda ya kwanza. Anayechagua kwa kuangalia tendo atafika kwenye ya nne.

Mapacha wa uongo

Hatari kubwa zaidi iko kwenye nahau zinazofanana sura. Nahau isiyo na mfanano wowote humtia mtu wasiwasi, akauliza. Inayofanana humpa uhakika asiostahili kuwa nao.

Chukua "kuvunja moyo". Kijana aliyeomba nafasi ya masomo akakataliwa husema barua ile ilimvunja moyo, maana yake ilimkatisha tamaa. Akiandika kwa Kiingereza kwamba barua "broke my heart", ameingia nyumba nyingine kabisa. Moyo wa Kiingereza huvunjwa na mapenzi au na msiba. Ofisa wa chuo atakayesoma maneno hayo atashangaa ukubwa wa uchungu, na huenda akamwona mwombaji kuwa mtu asiyejimudu. Kijana alitaka kusema "I was disappointed", au, kama anataka kuonyesha kwamba bado anasonga mbele, "I was discouraged at first". Maneno ya kawaida, lakini yana kipimo sahihi.

Chukua "mkono mrefu", ambao kwetu una mtego wa lugha tatu. Kwa Kiswahili, mwenye mkono mrefu ni mdokozi. Kwa Kifaransa tulichosomea shuleni, mwenye mkono mrefu ni mtu mzito, mwenye kujuana na wakubwa, anayeweza kukufungulia mlango. Kwa Kiingereza, mkono mrefu ni wa sheria: "the long arm of the law", unaomfikia mhalifu popote alipojificha. Mtu wa Rumonge aliyepita Kifaransa, akataka kumsifu mfadhili wake kwa Kiingereza kwamba ana mkono mrefu, atakuwa amesema jambo lisiloeleweka kwa Mwingereza, na jirani yake Mswahili akisikia atadhani mfadhili ametukanwa. Kiingereza kina njia yake ya kulisema hilo: "he has friends in high places". Nayo ina kivuli kidogo cha upendeleo, kwa hiyo haiwekwi kwenye barua ya shukrani. Hapo andika tu kwamba mtu huyo anaheshimiwa na neno lake linasikilizwa.

Chukua pia "macho makavu". Kwetu ni mtu asiye na haya. Kwa Kiingereza, "dry-eyed" ni mtu asiyetoa machozi, na pengine amesifiwa kwa ujasiri wake mazikoni. Viungo ni vilevile, jicho na ukavu, lakini sifa imegeuka.

Nahau zina ugumu mwingine: zimegandishwa. Mswahili hupiga moyo konde, wala hatasema konde lilipigwa na moyo wake. Kiingereza nacho kiko hivyohivyo. Watu wanaoshiriki shida moja wako "in the same boat". Ukiandika "in one boat" umewapandisha abiria kwenye chombo, na msomaji atauliza wanakwenda wapi. Neno dogo limebadilika, nahau imekufa.

Kifaransa kinapokaa katikati

Wengi wetu Kiingereza tulikisoma tukiwa tayari tuna Kifaransa, na kwa hiyo Kifaransa hujitolea kuwa mkalimani hata pasipoitwa. Wakati mwingine husaidia. Mara nyingi hutupeleka kando kidogo, na kando kidogo ndiko kosa linakojificha.

Mfaransa asiyetaka kusumbuliwa na jambo dogo husema ana paka wengine wa kuchapa. Mwingereza husema ana samaki wengine, au wakubwa zaidi, wa kukaanga: "I have bigger fish to fry". Tendo ni lilelile, kulisogeza jambo pembeni kwa sababu kuna zito zaidi, ila ukiwaleta wale paka kwenye Kiingereza msikilizaji atapigwa na butwaa. Mfaransa anayeharakia faida huuza ngozi ya dubu kabla ya kumuua. Mwingereza huhesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Mswahili huonywa asikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Lugha tatu, wanyama wawili na kitambaa kimoja, na onyo moja. Mwanafunzi aliyefundishwa kulitafuta onyo atazikusanya zote tatu bila kuchanganyikiwa. Aliyefundishwa kutafsiri ngozi ya dubu atabaki na ngozi ya dubu.

Kuna mahali ambapo hata onyo halilingani sawasawa. Kirundi kina methali inayosema polepole humfikisha nyungunyungu mtoni. Kitabu cha shule kitakupa mara moja "slow and steady wins the race". Yakague yote mawili. Methali ya Kirundi inazungumzia kufika. Ya Kiingereza inazungumzia kushinda: kuna mbio, na kuna mwingine atakayebaki nyuma. Mchuuzi wa mawese anayemwambia mdai wake kwamba atalipa polepole mpaka deni liishe hataki kumshinda mtu. Akitumia mbio za Kiingereza, ameingiza ushindani mahali palipohitaji subira. "Little by little" itamtosha.

Nahau za maji kwa watu wa maji

Pwani yetu ina bahati na Kiingereza, na bahati hiyo haitumiki vya kutosha. Waingereza ni watu wa kisiwa, na lugha yao imejaa boti, kamba, nyavu na samaki. Mtoto wa nchi kavu huzikariri nahau hizo bila kuona kitu. Mtoto wa Kizuka anaviona vitu hivyo kila asubuhi mitumbwi inaporudi na ndagala na mukeke.

Baadhi zinatuingia bila taabu. Magazeti ya Tanzania hulalamika kwamba vyombo vya dola hukamata dagaa na kuwaacha papa. Kiingereza kina jozi ileile, "big fish" na "small fry", na tendo lake ni lilelile: kulaumu haki inayowaonea wadogo. Lakini hilo "fry" halihusiani na kukaanga. Ni jina la zamani la vifaranga vya samaki. Anayelijua hilo hatachanganya samaki hawa na wale wa kikaangoni waliotajwa juu.

Nyingine zinahitaji uangalifu zaidi kwetu kuliko kwa watu wa nchi kavu. Mwingereza akiona jambo linatia shaka husema ni "fishy", lina harufu ya samaki. Kwa mama anayeuza mukeke soko la Rumonge, harufu ya samaki ni ada ya shule na kodi ya nyumba. Hakuna ubaya wowote ndani yake. Mkalimani akimfasiria mkutanoni neno kwa neno kwamba biashara yake ina harufu ya samaki, mama atakubali kwa furaha, na mkutano utavurugika. Hapo mkalimani lazima aiache picha na kusema wazi: wana mashaka na jambo hili.

Vilevile "a fish out of water". Kwa Mwingereza, ni mtu asiyejisikia nyumbani mahali fulani, kama fundi aliyealikwa kwenye karamu ya mabalozi. Kwetu, samaki aliye nje ya maji anakufa, na tunamwangalia akifa. Anayeitumia nahau hiyo kusimulia taabu za mkimbizi atamfanya msomaji wa Kiingereza aone haya ya ugeni tu, wakati yeye alitaka kusimulia maisha yaliyokuwa hatarini. Nahau imepunguza jambo zito. Kwa historia ya pwani hii, ambako watu walivuka ziwa na mpaka wakiwa wakimbizi mwaka 1972 na tena miaka ya 1990, kupunguza hivyo ni kosa kubwa.

Na kuna "to swallow it hook, line and sinker", kumeza ndoana, mshipi na chubwi lake. Kiswahili kina "kuingia mkenge". Zote zinamhusu mtu aliyedanganywa. Tofauti iko kwenye mzigo wa lawama. Aliyeingia mkenge anaweza kuwa mjanja aliyezidiwa ujanja, na tunamhurumia. Aliyemeza mpaka chubwi ameonyeshwa kuwa mwepesi wa kuamini kila kitu. Ukiisema ya Kiingereza juu ya baba yako aliyetapeliwa, umemvunjia heshima.

Nani anasikiliza?

Hapo ndipo swali la pili linapoingia. Baada ya kuuliza nahau inafanya nini, uliza inamfanyia nani.

"Mkono mtupu haulambwi" ni methali ya ukarimu na kupeana. Ukitafuta kinachofanana nayo kwa Kiingereza utakutana na "you scratch my back and I'll scratch yours". Lakini kukunana mgongo kwa Kiingereza kunanuka rushwa. Katika pendekezo la mradi linalokwenda kwa mfadhili, sentensi hiyo moja inaweza kuamsha maswali ambayo hakuna ukurasa wa hesabu utakaoyajibu. Kinachotakiwa ni kusema kwamba pande zote mbili zitachangia na zote zitafaidika.

Mfano mwingine unagusa mahali penye maumivu. Rumonge imekuwa na migogoro mingi ya mashamba kati ya waliobaki na waliorudi kutoka uhamishoni, na Burundi iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kushughulikia mambo kama hayo. Katika kikao cha namna hiyo mzee anaweza kuonya: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Mkalimani mwenye haraka atampa mgeni "let sleeping dogs lie". Mgeni ataelewa: tusichokoe yaliyotulia. Lakini ameyapoteza mambo mawili. Methali ya mzee ina tishio ndani yake, inamwonya mchokozi kwamba yeye ndiye atakayeumia, na ya Kiingereza haina tishio hilo. Kisha kuna mbwa. Mgeni akiirudia kauli yake mwenyewe, na mkalimani akaigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno, wazee wa Kiislamu wa Rumonge watasikia kesi yao ikilinganishwa na mbwa waliolala. Hakuna aliyetukana, na kila mtu ametukanwa. Mkalimani mzuri angesema kwa Kiingereza: mzee anaonya kwamba anayelifufua jambo hili ndiye litakayemgeukia. Sentensi ni ndefu kidogo, lakini iko salama.

Nahau ndogo zinazoendesha maisha

Nimezungumzia nahau zenye picha kwa sababu ndizo zinazopendwa. Lakini kwa mtu anayetaka Kiingereza cha kazi, za lazima zaidi ni zile ndogo zisizo na rangi, ambazo hakuna anayezikariri: fomula za kuomba, kukataa, kupinga na kupoza.

Mwingereza akisema "I'm afraid the boat is full" haogopi kitu. Anakupa habari mbaya kwa upole. Sisi tungesema "samahani, boti imejaa" au "bahati mbaya". Asiyeijua fomula hii huandika "the boat is full" basi, na msomaji humwona mkali. Huyo hakukosa adabu. Amekosa maneno mawili.

Kinyume chake ni "with all due respect". Mswahili huanza barua "kwa heshima na taadhima" na anamaanisha heshima na taadhima. Akitafsiri hivyo, msomaji wa Kiingereza hujikaza, kwa sababu katika Kiingereza fomula hii hutangulia kupinga: nakuheshimu, lakini umekosea. Barua ya maombi imeanza na dalili ya ugomvi. Tendo la "kwa heshima na taadhima naomba" kwa Kiingereza hufanywa na "I would be grateful if".

Na kuna "pole". Tunampa pole mgonjwa, msafiri, mfiwa, aliyejikwaa, anayefanya kazi juani. Kiingereza cha Afrika Mashariki kimeipa "sorry" kazi zote hizo, na kati yetu inaeleweka. Mbele ya Mwingereza anayejikwaa, "sorry" itasikika kama unakiri kwamba wewe ndiye uliyemkwaza. Tendo la "pole" ni kumwambia mtu kwamba taabu yake umeiona. Kwa msafiri, Kiingereza huliweka tendo hilo katika swali: "how was the journey?" Kwa mfiwa, katika "I'm sorry for your loss". Kwa mtu aliye kazini, Kiingereza hunyamaza, na ni vizuri kujua pale lugha nyingine inaponyamaza.

Kiingereza chetu na methali zetu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tujipinde kufuata masikio ya London? Swali ni la haki, na jibu linategemea barua inakwenda wapi. Afrika Mashariki ina Kiingereza chake. Bernard Sabiti alichapisha mwaka 2014 kamusi ya Kiingereza cha Uganda. Mwaka 2022 kamusi kuu ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, likiwemo "tarmac" kama kitenzi cha Kenya: kuzunguka barabarani kutafuta kazi. "Slowly by slowly" na "you are lost" kwa mtu uliyemkosa siku nyingi zitaeleweka Kampala, na huko zina joto lake. Ukiwaandikia watu wa Kampala, zitumie. Ukiandikia chuo cha ng'ambo, tumia za huko. Mwenye kujua zote mbili ana uwezo zaidi ya mwenye moja.

Na pale ambapo Kiingereza hakina kitu, tuna haki ya kuleta chetu. Chinua Achebe katika riwaya yake ya mwaka 1958, Things Fall Apart, aliingiza methali za Kiigbo katika Kiingereza bila kuzigeuza kuwa za Kiingereza, na dunia ikazisoma. Methali ya tembo wawili wanapopigana na nyasi kuumia leo inasemwa kwa Kiingereza na wanadiplomasia ambao hawajawahi kuona tembo. Iliingia nzima, na ikakaa, kwa sababu inafanya tendo ambalo Kiingereza hakikuwa na kauli yake fupi: kumsemea mnyonge aliye kati ya wakubwa wawili.

Kuingiza methali kuna adabu yake. Itangulize kwa maneno machache yanayoonyesha imetoka wapi, kwamba hivi ndivyo tusemavyo ziwani. Itafsiri ieleweke bila maelezo. Ikihitaji mistari mitatu ya ufafanuzi, iache. Na iwe moja tu kwa barua nzima, mahali ambapo unataka msomaji asimame.

Namna ya kutafuta

Kamusi za kawaida huanza na neno na kukupeleka kwenye maana. Anayetafuta nahau anakwenda njia ya kinyume: ana maana, anatafuta maneno. Hilo ndilo lililomfanya Peter Mark Roget achapishe mwaka 1852 kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa mawazo badala ya kuyapanga kwa herufi. Vitabu vya namna hiyo vipo hata leo, na simu za leo zina vilivyo bure. Humo hutafuti "maji". Unatafuta "kuzidiwa", na unapewa kundi zima la kauli za kuchagua.

Kabla ya kutafuta, andika kwa lugha yako mwenyewe tendo unalotaka kulifanya: kuonya, kukataa, kuomba muda, kupoza, kusifu. Kisha andika nani atakayesoma. Kisha andika kama kuna wa kulaumiwa au hakuna. Majibu hayo matatu yataziondoa nahau nyingi zisizofaa kabla hujazisoma. Iliyobaki, itafute katika sentensi za watu wanaoisema, angalau sentensi tano zilizoandikwa na watu tofauti, uangalie inasemwa na nani kwa nani, na kama wenyewe bado wanaisema. Wapo wanaofundisha hadi leo kwamba mvua kubwa ya Kiingereza hunyesha paka na mbwa, wakati Waingereza wengi wameiachia vitabu vya watoto na wao husema tu "it's pouring". Ukiona shaka yoyote imebaki, sema wazi bila nahau. Kiingereza cha wazi hakimshushii mtu hadhi popote duniani.

Walimu wetu wa Kizuka na Rumonge wanaweza kuanza na mabadiliko madogo yasiyohitaji kitabu kipya. Orodha ya nahau hamsini za kukariri, zenye picha upande mmoja na maana upande mwingine, igeuzwe. Juu ya ubao liandikwe tendo: kumkatalia mkubwa wako bila kumvunjia heshima. Wanafunzi walifanye kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, waseme ni maneno gani yamebeba heshima na yapi yamebeba kukataa. Ndipo Kiingereza kiletwe, kauli tatu au nne, na darasa zima lijadili ipi inafaa na ipi itamuudhi mkubwa. Katika somo la saa moja watajifunza nahau chache kuliko zamani. Lakini siku mmoja wao atakapokaa mbele ya mtu wa Mpulungu, wa Nairobi au wa Geneva, atakuwa na kauli inayofanya kile alichokikusudia.